Mshauri wa lishe wa wenye shida ya utumbo hapa Tanga, nampa nne kati ya tano

Wenzangu wa alsarativu kolaitisi (vidonda vya utumbo mpana) na wale wa Crohn (ugonjwa sugu unaovimbisha na kuchubua utumbo) mliopo Tanga, kuna dada mshauri wa lishe kwenye kliniki moja ndogo upande wa Chumbageni, nendeni.

Kabla yake nlishapewa pengine karatasi ya vyakula, brokoli, salmon, maziwa ya lozi, sasa hivyo sokoni Mgandini nanunua kwa nani? Huyu hakuanza na karatasi. Kaniuliza jana umekula nini toka asubuhi, nkamtajia chai ya maziwa na bajia, mchana bada (ugali wa muhogo) na samaki wa kukaanga na kachumbari ya pilipili, usiku maharage ya nazi, kila kimoja anaandika na kuuliza baada ya hapo choo kilikuwaje, damu ilikuwepo, usiku uliamka?

Ndo akanielewesha kwamba ugonjwa ukiwa umeamka unakula laini, wali uliolainika, viazi vya kumenya, ndizi mbivu, yai, samaki wa kuchemsha, na kachumbari, mahindi ya kuchoma na mapera yenye mbegu unayaweka pembeni kwanza. Ukitulia unarudisha kimoja kimoja, mboga iwe imeiva kweli, maana kuna watu wanakimbia kila chakula mpaka wanabaki na uji na chai wanaisha mwili bure, na hakuna mlo mmoja unaomfaa kila mgonjwa. Bada hakuninyima, maziwa pia hakukataza, kasema tujaribu mtindi kwanza tuone tumbo linasemaje (na kweli, Mtanga ukimkataza maziwa si umemhamisha mji).

Chai nisinywe pamoja na chakula kwa sababu inazuia madini ya chuma, na sisi wa kutoka damu tayari damu ni chache. Anayemeza salfasalazini (dawa ya kutuliza utumbo) anamuuliza kama kaandikiwa foliki asidi, ile vitamini ya damu, wa prednisoloni (dawa ya steroidi) anamkazania kalsiamu kwa ajili ya mifupa, dagaa wale wa kula na miba yao, na wa Crohn anawaambia wakapime vitamini B12. Dawa hagusi kabisa, anakwambia chakula kinakusaidia ila dawa ya daktari usiache, hapo ndo alinishika maana wale wa "kunywa hii upone" nimeshawachoka.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya choo. Kipo kimoja na funguo inakaa kaunta, yaani mgonjwa wa utumbo umebanwa unapanga foleni kuomba funguo, na mpokeaji anakuuliza kwa sauti kubwa unaenda haja gani, watu wote benchi wanakugeukia. Jamani!

Bei elfu ishirini mara ya kwanza, kurudi ni nusu yake, bima hawapokei. Beba majibu ya vipimo na dawa zako zote azione, na Jumamosi usiende, panajaa.