Kibali na ukaguzi wa karo la nyumbani: huduma ya halmashauri ilivyonifaa na ilipopungua

Nimejenga nyumba ya vyumba vitatu katika ukanda wa pwani wa Dar es Salaam, mahali ambapo bomba la majitaka la mji halijafika, kwa hiyo kila kaya huchimba ndani ya kiwanja chake karo, yaani tangi la ardhini linalopokea majitaka ya nyumba, na shimo la kunyonyea ambamo maji yanayotoka kwenye karo huzama ardhini. Hapa ninaitathmini huduma ya kibali na ukaguzi wa mfumo huo kama nilivyoipata katika halmashauri yetu, ambayo sitaitaja kwa jina kwa sababu watumishi wa idara ile ni wachache na wangetambulika mara moja. Wengi wetu tunaojenga huiona hatua hii kuwa ni mhuri tu wa kufukuzia, ilhali kwangu mimi ndiyo iliyoamua jirani yangu achote maji ya namna gani katika kisima chake.

Karo halina kibali chake peke yake. Huombewa ndani ya kibali cha ujenzi, na michoro inayowasilishwa hutakiwa kuonyesha mfumo wa kutoa majitaka kutoka kwenye jengo hadi kwenye mashimo, pamoja na umbali wa jengo kutoka mipaka ya kiwanja. Faili langu lilipita mipango miji, kwa mhandisi na kwa afisa afya, likarudi likiwa na saini zote baada ya wiki tisa. Malipo niliyafanya kwa namba ya malipo ya serikali nikapata risiti, na hakuna aliyeniomba chochote pembeni. Katika sehemu hii ya karatasi sina malalamiko makubwa, isipokuwa kwamba muda huo ni mrefu kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba huku akisubiri kuanza kujenga yake.

Kasoro iliyonisumbua zaidi imo ndani ya mchoro wenyewe. Mchoro unaonyesha kiwanja changu na bikoni zake nne, na nje ya bikoni hizo karatasi ni nyeupe. Hakuna mahali panapomtaka mchoraji aonyeshe kisima cha jirani kiko wapi, wala shimo la choo la jirani wa upande wa pili. Viwanja vya mtaani kwetu ni vya mita 20 kwa 30, na karibu kila kaya ina kisima inachochotea maji ya kufulia, ya kuoshea vyombo na, bomba linapokatika, hata ya kunywa baada ya kuchemsha. Umbali unaotajwa mara nyingi katika miongozo ya afya kati ya kisima na shimo la majitaka ni mita 30, na hata walio walegevu hawapendi kushuka chini ya mita 15. Mtu akichora shimo lake kwenye kona ya kiwanja bila kujua kilicho nyuma ya ukuta, anaweza kutimiza kila sharti lililoandikwa na bado akawa ameliweka hatua chache tu kutoka ndoo ya jirani. Mchoro wangu ulikuwa hivyo hasa, na uliidhinishwa.

Fundi alichimba mwezi wa Februari, kiangazi kikiwa kikali, na shimo la kunyonyea lilifika mita 3 kwenda chini bila kuonyesha hata unyevu. Sote tulifurahi. Siku ya ukaguzi wa kwanza alikuja afisa afya, binti wa rika la mwanangu wa kwanza, akanipa shikamoo, akalitazama shimo kwa muda mfupi, kisha akauliza kama kuna kisima karibu. Nilimpeleka kwa jirani, mzee mmoja ambaye alitukaribisha vizuri. Yule binti aliomba kamba, akaifunga jiwe na kuiteremsha kisimani. Maji yalikuwa mita 4.1 kutoka usawa wa ardhi. Hakuishia hapo. Alimulika kwa tochi ya simu ukutani mwa kisima mpaka akaona mstari wa weusi na ukungu uliozunguka zege pande zote, akaupima nao: mita 2.3. Hiyo ndiyo alama ambayo maji ya masika huiacha.

“Mama,” aliniambia, “shimo hili ni la kiangazi. Masika yakiingia, kitako chake kitakuwa kimekaa ndani ya maji ya kisima cha mzee.”

Alinieleza sababu yake kwa utulivu, na ninairudia hapa kwa kuwa mafundi wengi hawaielezi. Kazi ya kusafisha haiishii kwenye karo; karo hutenganisha tope na mafuta tu, na maji yanayotoka bado yamejaa vijidudu. Kinachowazuia vijidudu hao ni udongo mkavu ulio kati ya kitako cha shimo na maji ya ardhini, ambamo maji hupita polepole, hewa ikiwemo, na vijidudu hunaswa na kufa njiani. Miongozo mingi hutaka udongo huo uwe na kina cha mita 1.5 au zaidi. Udongo ukishajaa maji hauchuji tena, bali huwa njia. Mchanga wetu wa pwani nao hunywa maji haraka, jambo ambalo mafundi husifia sana, lakini udongo unaopitisha maji haraka ndio unaoyachuja kidogo.

Shimo lile pia lilikuwa mita 9 tu kutoka kisima cha mzee. Aliamuru lifukiwe, na badala yake tukachimba mitaro ya kunyonyea upande wa pili wa kiwanja, yenye kina cha sentimita 60, ndani yake bomba lenye matundu lililolazwa juu ya kokoto. Umbali kutoka kisimani ukawa mita 22. Urefu wa mitaro aliukadiria baada ya kumwagiza fundi achimbe kishimo kidogo, akijaze maji usiku kucha, kisha asubuhi akijaze tena na kuhesabu dakika maji yanavyoshuka. Kipimo hicho kilikuwa rahisi na hakikudai chombo chochote ila rula na saa. Sioni kwa nini kisidaiwe kabla ya mchoro kupitishwa, kwa sababu mimi nililipa ujira wa kuchimba shimo na ujira wa kulifukia, na fundi aliyekuwa amefuata mchoro ulioidhinishwa hakuwa na kosa lolote.

Ukaguzi wa pili, ule wa kabla ya kufunika, ndio ulionichosha. Nilitoa taarifa mapema, nikasubiri siku 12. Idara haikuwa na gari, mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika, na kila asubuhi fundi alikuwa akiniuliza kama amwage jamvi, yaani zege la kufunika karo. Nilimkatalia, kwa sababu ukaguzi wa karo lililokwisha kufunikwa ni ukaguzi wa zege tu. Hatimaye nilimtumia afisa bodaboda kwa gharama yangu. Nilifanya hivyo kwa hiari, lakini si sawa: usafiri wa mkaguzi unapaswa kuwa ndani ya ada ambayo nimeshailipia, ili asiyekuwa na nauli ya kutuma apate ukaguzi sawa na aliye nayo.

Alipofika alifanya kazi ya kuheshimika. Karo lilikuwa limejazwa maji tangu siku iliyotangulia na usawa wake ulikuwa umewekewa alama, hivyo ilionekana wazi kuwa halivuji. Alihakikisha kuwa chumba cha kwanza kina theluthi mbili za ujazo wote, kwa kuwa humo ndimo tope huzama. Kisha akagundua kuwa kwenye tundu la kutokea fundi alikuwa ameweka bomba lililonyooka badala ya lile lenye umbo la T. Kosa hilo ni dogo kwa macho, lakini utando wa mafuta unaoelea ungepita moja kwa moja hadi kwenye mitaro na kuiziba katika muda mfupi. Alikataza pia mifuniko isifunikwe na vigae vya uani, kwa sababu gari la kunyonya lazima lifikie kila chumba bila kuvunja kitu.

Baada ya kuhamia, huduma hukatika kabisa. Karo la kaya kama yangu huhitaji kunyonywa kila baada ya miaka 3 hadi 5, lakini hakuna daftari wala ujumbe wa simu wa kukumbusha. Matokeo yake tunayaona kila masika, pale wenye mashimo yaliyojaa wanapoyafungulia mtaani mvua inaponyesha. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maafisa uwezo wa kuingilia kati, na tunaoishi Dar es Salaam tunakikumbuka kipindupindu kilichoanzia hapa Agosti 2015 na kusambaa mikoani. Kwa ofisi ambayo tayari ina faili la kila nyumba iliyopewa kibali, kumkumbusha mwenye nyumba si kazi ngumu.

Hata hivyo nawasihi wanaojenga wasiikwepe huduma hii. Mwombeni afisa afya aje kukitazama kiwanja kabla jembe halijagusa ardhi, mwonyesheni visima vya majirani hata kama fomu haiviulizi, na maelekezo yake ayaandike na kuyatia saini.

Masika yalipoisha nilirudi kwa mzee na kamba ile ile. Maji yalikuwa yamesimama mita 2.45 kutoka usawa wa ardhi, zaidi ya nusu mita juu ya mahali ambapo kitako cha shimo letu la Februari kingekuwa. Kipimo hicho nimekiandika nyuma ya nakala ya mchoro wangu, na nakala nyingine nimempelekea afisa afya aiweke kwenye faili.