Rivyu: Mashine ya MIG isiyotumia gesi kwenye sakafu ya Hilux iliyooza

Wadau wa magari ya kizamani, hii ni rivyu ya zile mashine ndogo za kuchomelea za MIG zisizotumia gesi, zinazokula waya wenye unga ndani. Ninayo tangu mwaka jana na niliinunua kwa kazi moja tu, sakafu ya Hilux singo kebini, ile bodi ya 1988 hadi 1997, injini 3L, ambayo ukifunua kapeti upande wa dereva unaona barabara. Sijasomea weldingi, kabla ya hapo nilishawahi kushika holda ya fimbo (zile fimbo za kuchomelea za kawaida) kuunga geti la nyumbani basi, kwaiyo hii ni rivyu ya mtu anayeanza, mafundi wazoefu mnaruhusiwa kucheka.

Jina la kampuni sitaji, na wala halitakusaidia maana mashine za aina hii zinafanana sana madukani, stika tu na rangi ya boksi. Mimi ilinitoka laki nne na kidogo, umeme wa kawaida wa nyumbani, uzito unaibeba kwa mkono mmoja.

Jibu la haraka kwa wasiopenda kusoma: kwa sakafu inafaa, kwa mlango, bonet na bodi ya nje iache.

Sasa kwanini sikutumia mashine ya fimbo ambayo ni nusu ya hiyo bei? Sababu ni unene wa bati. Sakafu ya gari ni bati la milimita 0.8 mpaka 1 hivi, na hapo ni likiwa jipya, likishaliwa na kutu ukingoni linabaki nusu. Fimbo zilizojaa madukani ni za 2.5 na 3.2 (geji 12 na geji 10), ukiigusisha ile ya 2.5 kwenye bati la hivyo unatoboa tundu kubwa kuliko ulilokuja kuziba. Fimbo za 2.0 zipo ila mpaka uzitafute, na hata hizo zinataka mkono wa mtu aliyezoea. Fundi wa gesi, namaanisha ya oksijeni na asetilini, anafanya kazi nzuri sana kwenye bati jembamba na kama una tundu moja mpelekee tu, utatumia hela kidogo kuliko kununua mashine. Shida yangu sakafu nzima ya mbele ilikuwa imekwisha, pande zote mbili, na gesi inatawanya moto mbali, bati linajikunja na kinachopita karibu kinaungua. Afu kusema ukweli wapo mafundi bodi (sio wote jamani msinishambulie) wanaobandika bati juu ya kutu, wanamwaga puti, wanapiga undasili nyeusi (ile rangi nzito ya chini ya gari) juu unaona gari imependeza, masika mbili mbele limerudi lile lile.

Ndani ya boksi: mashine, bunduki na waya wake ambao hautoki, athi (waya wa pili, unaoubana kwenye gari lenyewe) yenye klempu nyepesi mno, ngao ya kushika mkononi, kinyundo chenye brashi, na rola ndogo ya waya ya majaribio. Ile ngao gawa. Ukiwa umelala chini ya dashibodi mkono mmoja umeshika bunduki mwingine umeshikilia bati, ngao unashika na nini? Nunua kofia inayojizima yenyewe, hiyo hela usiibane, kupigwa macho na weldingi usiku wake hulali.

Kijitabu cha maelekezo ndicho kinachonifanya nipunguze nyota. Mashine imekuja bunduki ikiwa imefungwa kwenye pozitivu, ambayo ni sawa kwa waya mtupu unaotumia gesi, ila waya wa unga unataka kinyume chake, bunduki negativu, athi pozitivu. Kijitabu hakisemi popote! Nilivyowasha cheche zinaruka mpaka ukutani na weldi inakaa juu juu kama kinyesi cha mbuzi. Kuna mzee jirani ana karakana ya mageti, akaja kusimama tu mlangoni akasikiliza, hata hakuangalia. "Mwanangu, huo mlio sio. Pole zako umeziangalia?" Shikamoo mzee, tukageuza zile nyaya mbili za ndani, mlio ukatulia, cheche zikapungua zaidi ya nusu. Kwaiyo kama umeinunua na unaitukana mtandaoni kwamba ni takataka, fungua kwanza ule mlango wa pembeni uangalie pole.

Kitu kingine cha humo ndani ni kile kimagurudumu kinachosukuma waya. Waya wa unga una uwazi katikati, ukikaza sana ule mkazo unaupasua, unga unamwagika na waya unaanza kukwama kwama unadhani mashine mbovu. Kaza kidogo kidogo mpaka uache kuteleza, ishia hapo.

Mashine haijui kutu. Nasema hivi kwa sababu kazi kubwa kwenye sakafu iliyooza haihusiani na weldingi kabisa, na hakuna muuzaji atakayekwambia. Kwanza maji yametoka wapi? Hizi pikapu sakafu inaanza kuozea ndani kwenda nje, sio nje kuja ndani. Mpira wa kioo cha mbele umekauka, mvua inaingia kwenye kona ya chini, inashuka nyuma ya dashibodi, inakaa kwenye lile blanketi la chini ya kapeti na blanketi halikauki milele. Au matundu ya kutolea maji pale chini ya waipa yameziba majani, kwangu ilikuwa majani ya mwarobaini yamegeuka udongo kabisa, ungeweza kupanda mchicha. Na sisi tulio pwani hapa Tanga hewa yenyewe ina chumvi. Mwagia maji kwenye kioo na mtu mwingine awe ndani na tochi, utaona yanapopita. Ukichomelea sakafu mpya bila kuziba hapo umejenga beseni jipya tu.

Pili toa siti, toa kapeti, toa ile lami ya kuzuia kelele, afu chukua bisibisi uanze kugonga na kuchoma. Panaposikika pagumu pazima, panaposikika pamekufa pameoza hata kama rangi inang'aa. Jiandae kisaikolojia maana tundu la ukubwa wa kiganja linakuwa la ukubwa wa sinia. Kata mpaka ufike kwenye chuma cheupe, usionee huruma ukingo mwembamba kwa kudhani unaokoa bati, ule ukingo ndio utakaotoboka kila ukigusisha waya halafu utasema mashine ina moto mwingi. Ile dawa ya kubadili kutu kuwa nyeusi, yenye asidi ya fosfori, ni nzuri kwa kutu ya juu juu tu, bati lililotoboka haliwezi kurudishwa na dawa.

Uzuri wa Hilux ni kwamba kebini imekaa juu ya chesisi, kwaiyo sakafu ya pale unapoweka miguu sio inayobeba gari. Ila pale kebini inapofungwa kwenye chesisi kwa zile bolti na mipira, na vizingiti vya milango, hapo usijifunzie. Kwangu kona moja ya bolti ilikuwa imeanza kuliwa nikamwita fundi akafanya yeye.

Bati nilichukua geji 18, ambayo ni kama milimita 1.2. Geji 20 ndiyo inakaribia ya kiwanda lakini kwa mtu anayejifunza geji 18 inasamehe zaidi. Nenda na venia (kile kipimo cha unene) dukani, bati nyingi zinazoitwa geji 18 ukizipima hazifiki. Na usichukue bati lililopakwa zinki kama unaweza kupata jeusi, moshi wa zinki unakupa homa na baridi usiku, na ile imani ya kunywa maziwa kwanza haizuii kitu, maziwa yanaenda tumboni moshi unaenda kwenye mapafu. Kama huna jinsi, saga ile zinki yote ukingoni na ufanyie kazi nje penye upepo.

Kipimo kata kwanza kwa boksi la karatasi ngumu, lijaribishe mpaka likae, ndio uchore kwenye bati. Kona zikate za mviringo. Mimi nilifanya bati jipya lilalie la zamani sentimita 2 hivi badala ya kukutanisha ukingo kwa ukingo, mzee wa mageti alipinga, anasema katikati ya mabati mawili maji yatakaa. Yuko sahihi, ila ukingo kwa ukingo kwa mashine hii na mkono wangu ni kutoboa tu, kwaiyo niliweka praima yenye zinki katikati kabla ya kufunga na silanti juu na chini baada ya kumaliza.

Haya sasa mashine yenyewe kazini. Setingi ya chini kabisa bado ina moto kwa bati la zamani, hapa ndipo bei yake inapoonekana. Huwezi kuvuta mstari mrefu, utatoboa au bati litapinda. Unashikiza nukta, unaachia, unahamia upande wa pili, nukta, unaachia, mpaka umezunguka, afu unarudi kujaza katikati ya nukta huku ukigusa bati kwa mkono, likiwa la moto subiri. Inachosha na inachukua siku ndefu ila inashika. Elekeza moto kwenye bati jipya nene halafu usogee kidogo kwenye la zamani, sio kinyume. Kilichonisaidia kuliko vyote ni kipande cha paipu ya shaba ya friji bovu nilichokiponda kikawa bapa, mtu akikibana chini ya tundu unachomelea juu yake, waya haushiki kwenye shaba na bati halitoboki. Bure kabisa.

Takataka ya juu ya weldi inabidi uigonge na kubrashi kila mara, hiyo ndiyo kero ya waya wa unga, na cheche bado zipo. Funika kioo cha mbele na vya pembeni kwa blanketi nzito iliyolowa, cheche za grenda zikiganda kwenye kioo hazitoki. Na kabla ya yote toa nyaya za betri zote mbili, sogeza nyaya na paipu za breki na dizeli zilizo karibu, na awepo mtu nje mwenye ndoo ya maji na mtungi wa kuzimia moto anayeangalia chini ya gari, sio anayechati. Undasili ya zamani inashika moto polepole, wewe ukiwa na kofia huoni chochote.

Umeme: kwa setingi hizi za chini inakula kilowati moja na kitu, LUKU haikunishtua. Kinachoisumbua ni ekstenshen nyembamba na jioni umeme unaposhuka, waya unakuja moto unakataa. Fanya asubuhi na tumia kebo nene. Lebo inasema kwenye ampea za juu ifanye kazi dakika 2 kati ya 10 ipumzike, kwa kazi ya nukta nukta hutafika huko, taa ya kuzidi joto kwangu haijawahi kuwaka.

Grenda iandalie bajeti yake. Diski za kukatia za milimita 1, za msasa, brashi ya waya, zinaisha kama karanga na ukijumlisha unakuta zimekaribia nusu ya bei ya mashine.

Mwonekano wa weldi zangu? Mbaya. Nilisaga, nikapiga redi oksaidi mikono miwili, silanti, undasili kwa chini, juu nikaweka mpira mtupu badala ya kapeti na blanketi lake. Masika imepita, nimefunua mara kadhaa, kavu.

Naipa nyota 3 na nusu kati ya 5. Nusu nimekata kwa klempu ya athi ambayo nimeshaibadilisha, moja kwa kijitabu. Kama una gari moja na tundu moja usinunue. Kama una pikapu mbili tatu za shamba zinazooza kwa zamu, au una hela ya kuongeza, tafuta ile inayokubali gesi pia, siku ukipata mtungi utaweza kugusa hata milango. Na waya ukishafungua usiuache kwenye mashine miezi, hewa ya huku pwani inaupiga kutu na ukiwa na kutu hausukumiki, toa rola uifunge kwenye mfuko na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu.

Bodi ya nyuma ya kubebea mizigo nayo inasubiri, ilikuwa inabeba samaki na barafu enzi za yule mwenye gari wa kwanza, mjue ilivyo. Ile nitatumia bati nene la geji 14 na mashine ya fimbo ya kuazima, hii ndogo haihitajiki huko.