Rakuni darini Toronto: huduma niliyolipia kabla ya baridi

Nianze na bei ya kumtoa rakuni darini kwetu, maana ndilo swali la kwanza la kila ninayemsimulia: zaidi ya dola 900 za Kanada, kodi juu yake. Ni hela nyingi kwa kazi ya fundi mmoja na ngazi yake. Hata hivyo, ningelazimika kulipa tena, ningelipa.

Kwa mlioko nyumbani, rakuni ni mnyama wa Amerika Kaskazini, mnene kuliko paka, mwenye weusi kuzunguka macho na mkia wa pete pete. Toronto wamejaa. Mwaka 2016 jiji lilianza kugawa mapipa mapya ya taka za jikoni yenye kufuli maalumu, kwa sababu yao. Baridi ikikaribia hutafuta pa kujibanza: pango la mti, bomba la moshi, au dari yako.

Mama, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, ndiye aliyeziona alama za tope kwenye bomba la maji ya mvua. Vidole vitano, kama mtoto mdogo kapanda. "Mwanangu, paka hana vidole hivi."

Kampuni ya kwanza niliyoipigia ilitaka kumtega rakuni na kumpeleka msituni, mbali. Nikakataa. Sheria ya Ontario, jimbo lenye Toronto, hairuhusu kumwachia zaidi ya kilomita 1 kutoka ulipomkamata, na hata akienda, tundu limebaki na wenzake wapo. Kampuni ya pili, niliyoichagua, hawakutaja mtego kabisa. Walichouza ni bati na wavu.

Fundi alikuta ubao wa upenuni umebanduliwa. Akasokota gazeti, akalichomeka kwenye tundu na kuondoka. Aliporudi, gazeti lilikuwa chini uani, kwa hiyo mpangaji yumo. Akapanda darini na tochi kuhakikisha hakuna watoto, kisha akafunga kijimlango cha bawaba: rakuni anakisukuma akitoka, kinajifunga nyuma yake, kurudi hawezi. Alinieleza kwamba watoto huzaliwa zaidi majira ya kuchipua, na vuli ikifika wanatembea na mama yao. Ukifanya kazi hii Aprili unaweza kumfungia mama nje, watoto ndani, naye atakung'olea paa kuwafuata.

Baada ya kutoka, tundu likazibwa kwa bati. Matundu ya hewa yakafunikwa wavu mzito wa chuma, kwa skrubu, na bomba la moshi likavishwa kofia ya chuma. Wavu wa kuku usiukubali, wanauchana. Mambo ya kuwafukuza kwa naftalini na redio nayo yaacheni. Jirani yangu aliwawashia redio usiku kucha, nadhani sasa wanafuatilia hata taarifa ya habari.

Kilichoniudhi ni usafi. Kinyesi cha rakuni huweza kuwa na mayai ya minyoo ambayo ikimwingia binadamu inaweza kufika hadi kwenye ubongo, kwa hiyo si cha kufagia kikavu. Lakini kwenye simu hakuna aliyesema kwamba kusafisha dari kuna bili yake. Na dhamana waliyonipa inahusu sehemu walizoziba wao tu. Wakitoboa pengine, unalipa upya.

Nimewapa nyota 4. Pigeni simu Septemba, kabla foleni haijawa ndefu, na kabla ya kukubali bei ulizeni kama usafi umo.