Uzoefu wangu: mchoro wa rangi za maji wa ngome ya Chepstow

Nimeununua kwa pauni 60 kutoka kwa mama mmoja anayechora kwa mapenzi yake tu, hana duka wala jina, na sasa uko ukutani sebuleni kwetu hapa Bristol. Ni ngome ya Chepstow, Wales, ikionekana kutoka ng'ambo ya mto Wye upande wa Uingereza, karibu na daraja la chuma la mwaka 1816.

Kilichonivuta ni matope. Ngome yenyewe, iliyoanza kujengwa 1067, imechorwa sana. Hata Turner, mchoraji mashuhuri wa Kiingereza, aliichora akiwa kijana. Lakini picha nyingi nilizoziona huonyesha mto umejaa na kutulia. Ukweli ni kwamba Wye pale hupwa na kujaa pamoja na bahari, na siku za bamvua maji hupanda zaidi ya mita 10. Yakipwa, kingo zote mbili hubaki tope tupu la hudhurungi, linang'aa. Mimi nimekulia Tanga, mng'ao huo naujua, na huyu mama ameupata! Amelowesha karatasi kwanza, akadondosha rangi na kuiacha itambae yenyewe. Pale panapometameta hakupaka rangi nyeupe hata kidogo. Ni karatasi yenyewe ameiacha wazi.

Vivyo hivyo kwa jabali. Ukuta wa ngome umeota moja kwa moja juu ya mwamba wa chokaa, nawe ukisimama pale huoni upesi mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Ameupaka wote kwa mkupuo mmoja, kijivu cha bluu na hudhurungi, kisha akaongeza vivuli vichache. Sijui wangapi wangethubutu.

Kasoro zipo. Madirisha ya Mnara Mkuu yamelingana mno, kama ya jengo jipya, na kijani cha miti kimetoka kwenye tyubu bila kuchanganywa, kinapiga kelele.

Karatasi ni ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, haikujikunja. Rangi nyingi ni za udongo, ambazo hustahimili mwanga. Kama unanunua mchoro wenye wekundu mwingi, uliza kwanza, maana nyekundu ya alizarini hufifia. Nimeutia fremu yenye kioo, na ukingo wa kadibodi ndani ili karatasi isigusane nacho, mbali na dirisha la jua. Ndugu wa pwani, kwenu unyevu ndio adui mkubwa: usiutundike kwenye ukuta unaotoa maji, utaota kuvu.

Nimeshamwagiza mwingine, ngome ileile maji yakiwa yanaanza kujaa, na nimemwomba kijani cha miti akichanganye mwenyewe.