Wikendi kwenye hoteli kongwe: ipi uanze nayo ukitoka Nairobi

Picha inayokuvutia mtandaoni huwa ya jengo la zamani. Chumba utakachopewa huenda kiko kwenye jengo jipya lililoongezwa nyuma, karibu na maegesho. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa ulizia nambari ya chumba na kiko jengo gani, kisha uandikiwe. Ulizia pia kama bei ni ya chumba au ya kila mtu, na kama kodi imo ndani: VAT asilimia 16 na tozo ya utalii asilimia 2 hugeuza shilingi 20,000 kuwa 23,600. Bei ya wakazi? Beba kitambulisho.

Ya kwanza ni Outspan, Nyeri, kama kilomita 150. Ndani ya ua wake kuna Paxtu, nyumba ndogo alimoishi Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, hadi alipofariki Januari 1941. Omba dirisha linalotazama Mlima Kenya na uamke alfajiri, maana saa tatu asubuhi mara nyingi mawingu yameshaufunika. Ukiingia chumbani, fungua maji moto kabla hujafungua begi. Mabomba ya nyumba za zamani ni marefu, kwa hiyo maji hukawia. Dakika kumi zikipita bado ni baridi, dai chumba kingine hapo hapo. Baada ya chakula cha jioni utaambiwa vyote vimejaa. Na uliza kama Jumamosi kuna harusi bustanini, usije ukalala na spika za MC. Julai bila sweta ni kujitesa.

Ya pili, na ya kwanza kwa wenye watoto, ni Lake Naivasha Country Club. Miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways, shirika la Uingereza, zilikuwa zikitua juu ya ziwa hilo. Leo utamu wake ni nyasi pana chini ya migunga. Usiku nyasi hizo ni za viboko, basi usitoke chumbani kwenda kula bila askari mwenye tochi. Ziwa limepanda sana miaka ya karibuni. Ulizia maji yamefika wapi. Mashua hulipiwa kwa saa, kwa hiyo patana kabla ya kupanda. Jumapili ondoka kabla ya saa sita, la sivyo utaingia jioni kwenye foleni ya kupanda kuelekea Limuru.

Mount Kenya Safari Club, Nanyuki, ndiyo ya kifahari kuliko hizo mbili, nayo inakuja ya tatu kwa sababu ya mfuko tu. Mwigizaji William Holden na wenzake waliianzisha 1959, na mstari wa ikweta unapita uani. Ni karibu kilomita 200, hivyo usiku mmoja ni hasara, lipia mbili. Agiza moto wa chumbani uwashwe ukiwa mezani, ukirudi ukute makaa.

Norfolk, ya 1904, iko Nairobi kwenyewe, nayo ni ya asiyeweza kutoka mjini. Machi 1922 watu waliodai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe kutoka kizuizini walipigwa risasi karibu na baraza ya hoteli, na barabara ya mbele sasa ina jina la Thuku. Chukua chumba cha upande wa bustani ya ndani. Cha barabarani kitakuletea magari hadi kitandani.