Programu ya ritani iliyotaka kuninyima nafuu ya ada
Ninasoma Marekani nikiwa mkazi wa kudumu, ninajitegemea kwa kila kitu, na mwaka huu nilijaza ritani yangu ya kodi nikiwa likizoni Mwanza, katika steshenari moja ya Kirumba, kwa programu ya kulipia ambayo sitaitaja jina. Katika mishahara haina usumbufu. Shida ilianza kwenye ada. Fomu 1098-T, ambayo chuo humpa mwanafunzi kuonyesha ada na ufadhili wake, ilionyesha ada ya dola 4,000 na ruzuku ya Pell, yaani msaada wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi wenye uhitaji, ya kiasi hicho hicho; programu ikatoa moja kwa nyingine na kuandika kwamba nafuu yangu ya kodi ya elimu, yaani kiasi anachopunguziwa kodi aliyelipa ada, ni sifuri.

Haikuniuliza jambo ambalo sheria inaliruhusu, yaani kuihesabu ruzuku kuwa fedha ya chakula na pango, ambayo huingizwa kwenye kipato, ili ada ibaki kamili. Nilipobadilisha mwenyewe, katika ukurasa uliofichwa karibu na mwisho, Fomu 8863, inayokokotoa nafuu hiyo, ilitoa dola 2,500: dola 2,000 za kwanza za ada zote, pamoja na robo ya 2,000 zinazofuata. Kwa kuwa nimevuka miaka 24, asilimia 40 ya nafuu hiyo, yaani dola 1,000, hurejeshwa hata kwa asiyedaiwa kodi. Kodi iliyoongezeka kwenye kipato changu kidogo haikufikia hata robo ya nafuu hiyo.

Mhudumu wa steshenari, aliyezoea maombi ya mikopo ya wanafunzi wetu, alichungulia kioo na kuuliza, "Kaka, huko mtu analipa ada halafu anarudishiwa?" Programu nimeipa nyota mbili, zote za sehemu ya mishahara.