Galaxy A55 kwenye meza ya fundi wa nguo

Kilichonifanya ninunue simu mpya ni damu ya mzee. Mafundi wenzangu wanaijua rangi hiyo, nyekundu iliyoiva mpaka ikakaribia weusi. Mwezi wa nane dada mmoja alinipa kazi ya magauni 6 ya wapambe wa bibi harusi. Nilienda Biashara Street, nikapiga picha ya kitambaa kwa simu yangu ya zamani, nikamtumia kwa WhatsApp. Akajibu papo hapo: "Hiyo hiyo, mama, nunua." Nikanunua mita 18. Siku aliyokuja kujaribu gauni la kwanza alisimama mlangoni, hata ndani hakuingia. Kwenye simu yake alikuwa ameona nyekundu ya kung'aa, na mimi mkononi nimeshika damu ya mzee. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, ila kitambaa kilikuwa kimeshakatwa. Tuligawana hasara, na ule mwaliko wa harusi aliokuwa ameniahidi sikuuona.

Nashona Jericho, huku Eastlands, Nairobi, sokoni ambako ukipiga hatua mbili unakutana na cherehani nyingine. Siku hizi nusu ya wateja wangu hawafiki kabla nguo haijaisha. Wanatuma mtindo kwa simu, nawatumia picha za vitambaa kwa simu, wanalipa kwa simu. Kwa hiyo nilipoanza kutafuta simu, swali langu lilikuwa moja tu: itaniambia ukweli kuhusu rangi? Mengine yote yalikuwa ya ziada, ingawa baadhi ya hayo ya ziada yamenigusa kuliko nilivyotegemea.

Nimechagua Samsung Galaxy A55, ile iliyotangazwa Machi 2024, ya RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 128. Nilinunua Luthuli Avenue kwa shilingi 54,000, nikalipa kwa M-Pesa na kudai risiti. Kijana wa dukani alikuwa na haraka, ananiambia, "Mama, hii ni orijino, usiwe na wasiwasi." Nilikuwa nao. Mimi ni mmoja wa wale waliobaki na simu kimya mkononi mwisho wa Septemba 2012, simu bandia zilipozimwa nchini. Kwa hiyo nilibonyeza *#06# hapo hapo kaunta, nikasoma namba ya IMEI, ile ya kuitambulisha kila simu, tarakimu moja moja huku binti yangu akifuatisha kwenye kibandiko cha boksi. Zililingana, ndipo nikatoa pesa. Nakusihi nawe ufanye hivyo hata kama foleni iko nyuma yako.

Ndani ya boksi kuna simu, waya na kile kipini cha kufungulia trei ya laini. Chaja haimo, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujafunga bajeti. Simu hii hupokea umeme wa wati 25 kwa kasi yake ya juu, lakini si kwa chaja yoyote. Tafuta iliyoandikwa PD na PPS ubavuni. Ukiweka chaja ya zamani ya tundu pana itajaa tu, ila utangoja sana. Kwa chaja inayofaa, yangu hutumia kama saa moja na nusu kutoka karibu sufuri mpaka kujaa. Tundu la earphone za waya halipo pia. Mimi sisikilizi muziki nikishona kwa sababu nasikiliza cherehani (sindano ikianza kuchoka huwa inabadilisha mlio), kwa hiyo hilo halikunigusa. Mwanangu wa kiume lilimgusa.

Ukiishika unahisi uzito, gramu 213. Fremu ni ya alumini na mgongo ni wa kioo. Siku ya kwanza niliiweka juu ya meza ya kukatia, ikateleza juu ya satini kama sabuni mpaka ukingoni. Niliidaka. Jioni ile ile nikanunua kava la mpira, na tangu hapo haijasogea. Ina kinga ya IP67, maana yake ni kwamba inahimili vumbi, na maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Ukisoma vizuri utaona ni maji safi, si ya sabuni wala ya bahari, kwa hiyo usiende kuijaribu Mombasa. Nilichokuwa nakihitaji mimi ni kinga ya mvuke wa pasi, yale matone ninayonyunyizia nguo, na nyuzinyuzi za vitambaa. Simu ya zamani nyuzi ziliziba tundu la chaji mpaka nikawa nalichokoa kwa sindano kila Jumapili. Tundu la hii bado naliangalia kila wiki.

Jambo moja la mafundi wenzangu. Kisoma alama za vidole kiko chini ya kioo, na kidole changu cha shahada cha kulia kimechomwa na sindano miaka 22, ngozi yake imekuwa kama ya kisigino. Hakikusomeka. Nilisajili kidole gumba cha kushoto, nikakisajili mara ya pili kwa upande wake, na sasa kinafungua kila mara. Kama unafanya kazi ya mikono, ya saruji, ya kufua au ya jikoni, anza na kidole kisichofanya kazi sana.

Sasa rangi. Kioo ni cha inchi 6.6, aina ya Super AMOLED, ambapo kila nukta inajiwashia taa yake yenyewe. Penye weusi taa imezimwa kabisa, ndiyo maana kitambaa cheusi huonekana cheusi kweli. Jioni ya kwanza nilishangilia. Kila kitenge kilikuwa kizuri kuliko kitenge chenyewe, na hapo ndipo nilipostuka. Nilichukua kipande cha ile damu ya mzee, kilikuwa bado kabatini, nikakipiga picha, nikakiweka bega kwa bega na kioo. Kwenye kioo kilikuwa kimekolea kupita kiasi, chekundu zaidi. Nilikaa kitini. Nikaona nimetumia 54,000 kununua tatizo lile lile.

Binti yangu ndiye aliyenionyesha. Kwenye mipangilio ya skrini kuna hali mbili, Vivid na Natural. Ya kwanza hukoleza rangi ili picha zipendeze macho, na ya pili huziacha karibu na zilivyo. Simu ilikuwa kwenye Vivid. Tukabadilisha, na kile kitambaa kikatulia palepale mbele ya macho yangu, kikashuka kutoka nyekundu ya sherehe mpaka damu ya mzee niliyoishika. Video na picha za harusi sasa hazing'ai kama mwanzo, na mtu mwingine hatapenda. Kwa fundi, muuza rangi za nyumba au muuza lipstiki, hii ni hatua ya kwanza kabla hata ya kuweka namba za watu.

Hatua ya pili ni mwanga. Balbu ya kibandani kwangu ni ya manjano. Mwanga wa namna hiyo huwa kama Kelvini 2,700 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), na wa mchana uko karibu na 5,500. Macho yetu hujirekebisha bila sisi kujua, lakini kamera hukisia, na ikikisia vibaya samawati inageuka kijani. Kwenye hali ya Pro ya kamera kuna kitufe kilichoandikwa WB, yaani cha kusawazisha weupe, ambacho kinakuruhusu kuweka namba hiyo mwenyewe. Nimejifunza kazi moja: naweka kipande cha bafta nyeupe kando ya kitambaa, nasogeza namba mpaka bafta ionekane nyeupe, isiwe na umanjano wala ubuluu, halafu ndipo napiga. Mchana napata urahisi zaidi, natoka mlangoni penye kivuli, kwa sababu jua la moja kwa moja huchoma rangi. Kamera kuu ni ya megapikseli 50 na ina kitu cha kutuliza mtikisiko wa mkono, kwa hiyo hata saa kumi na mbili jioni mishono inaonekana uzi kwa uzi. Kuna kamera ya pembe pana ya megapikseli 12, nzuri kwa kupiga nguo zote zikiwa zimetundikwa. Ile ya vitu vya karibu ni ya megapikseli 5 tu. Nikitaka kuonyesha pindo natumia kamera kuu kisha nakata picha, na nachopata kinaridhisha zaidi.

Lakini picha ikishatoka kwangu inakwenda kwenye kioo cha mteja, na kioo chake sikitawali. Nawatumia kwa ubora wa HD wa WhatsApp na kuwaomba waangalie mchana. Kazi ya harusi bado nakata kipande cha kitambaa, nakitia kwenye bahasha, nampa mtu wa boda ampelekee. Hakuna simu ya bei yoyote itakayonifanya niache hilo.

Kuna kitu sikukitafuta ambacho sasa sitaki kuishi bila hicho. Wateja hunitumia picha zao wakiwa wamevaa nguo ya ndani na tepu kiunoni ili nione umbo, wengine tunapiga hapa hapa wakati wa kujaribu. Picha hizo zilikuwa zinakaa pamoja na za wajukuu wa dada yangu. Yeyote aliyeshika simu aliziona, na lilikuwa linanikosesha raha muda mrefu. Kwenye hii kuna Secure Folder, chumba kilichofungwa kwa namba yake ya siri, mbali na picha nyingine. Vipimo na picha zote za wateja ziko humo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na naamini inatuhusu hata sisi wa vibandani, maana mwanamke anayenionyesha mwili wake ameniamini. Na hapa Nairobi simu hunyakuliwa dirishani mwa matatu ukiwa unaongea, kwa hiyo nimewasha pia huduma ya kuifunga kutoka mbali, nikaweka namba ya siri kwenye laini zenyewe.

Nimeanza pia kuandika vipimo kwa sauti. Kibodi ya Google inasikia Kiswahili tangu 2017, lakini simu ya zamani ilikuwa inakwama kila nikijaribu. Sasa mikono yangu yote miwili iko kwenye tepu, nami nasema "kiuno thelathini na mbili, bega kumi na tano, urefu arobaini na nne," na maneno yanajiandika. Cherehani ya jirani ikiwaka simu inakosea, kwa hiyo nasoma tena kabla mteja hajaondoka.

Betri ni ya mAh 5,000. Naanza saa moja asubuhi, na saa tatu usiku bado ina kama asilimia 30, siku ambayo nimepiga picha nyingi. Stima ikipotea jioni natumia tochi yake kumalizia vifungo. 5G ipo, spika zake mbili zina sauti ya kutosha, na mwanangu anasema michezo inakwenda vizuri. Sina zaidi ya hapo la kusema juu ya hayo.

Uamuzi ulionisumbua ni wa trei. Ina nafasi mbili, na ya pili inapokea laini au kadi ya kumbukumbu, si vyote viwili. Mimi nina laini ya nyumbani na laini ya biashara, ile ambayo wateja hulipia. Nimebaki na laini mbili, na kila mwisho wa mwezi binti yangu ananihamishia picha kwenye kompyuta yake. Ukiwa na laini moja, weka kadi.

Bei ni kubwa kwa mtu wa soko, nakubali. Samsung imeahidi miaka mitano ya masasisho ya usalama na matoleo manne mapya ya Android, yanayohesabiwa tangu simu ilipotoka. Nikiishika miaka mitano ni shilingi 900 kwa mwezi, na ile hasara ya magauni peke yake ilinigharimu miezi kadhaa ya hiyo.

Jumatatu nimepata oda nyingine ya harusi, ya Disemba. Bibi harusi anataka kijani cha majani ya mgomba. Nimempigia picha aina tatu mlangoni, bafta ikiwa pembeni, na bahasha yenye vipande vitatu imeondoka na boda saa nne asubuhi. Amejibu jioni kwamba amechagua cha pili, na kwamba kipande kimefanana na picha. Kesho nakata.